Kupiga picha mji wa Lamu kwa mwanga wake: mwongozo kamili, kuanzia maji hadi mwezi

Picha nyingi za Lamu ninazoonyeshwa na wasomaji zimeharibika kwa namna moja. Mtu amefika mchana, amepumzika, kisha saa 12 jioni amekodi mashua ili aupige mji kutoka majini. Matokeo yake kuta nyeupe zimekuwa za kijivu, mbingu imeungua, yaani imebaki nyeupe tupu, na mbele ya mji yamelala matope na magugu ya bahari kwa sababu maji yamekupwa.

Kamera haina kosa lolote hapo. Mji wa Lamu unatazama mashariki, ukielekeana na kisiwa cha Manda. Jua huchomoza mbele yake na kuzama mgongoni mwake. Kwa hiyo asubuhi ni ya mji, na jioni ni ya matanga na ya Shela, kijiji cha vilima vya mchanga kusini mwake. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni kujua maji, kujua mwezi, na kuwa mahali panapofaa dakika kumi kabla ya mwanga kufika.

## Utakavyohitaji

- Simu yenye kamera nzuri, au kamera yenye lenzi moja pana na moja ya kuvuta mbali kidogo. Zaidi ya hapo ni mzigo tu kwenye vichochoro.
- Vitambaa viwili laini vya kufutia lenzi. Chumvi ya bahari hutanda juu ya kioo bila kuonekana, na picha ikipigwa kuelekea jua huwa kama imefunikwa na moshi. Kitambaa kimoja kitalowa, ndiyo maana nasema viwili.
- Mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo. Usitegemee mfuko wa plastiki wa dukani. Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017.
- Tripodi ndogo, kwa ajili ya alfajiri na mbalamwezi. Mashuani haisaidii.
- Pawabenki na tochi.
- Ratiba ya maji kujaa na kupwa, au namba ya nahodha unayemwamini. Nahodha ni bora, kwa sababu atakwambia na upepo.
- Programu inayoonyesha jua litachomoza upande gani, kama PhotoPills. Dira ya simu pia inatosha.
- Viatu vya kuvulika upesi. Utakanyaga maji kila siku.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Watu wengi huchagua siku kwa bei ya ndege. Ukiweza, chagua kwa mwezi.

Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kabisa karibu saa 10 au 11, alfajiri na jioni, na kukupwa kabisa karibu saa 4 au 5, asubuhi na usiku. Maana yake jua linapochomoza maji bado yako juu yakianza kushuka, na jioni hali ni hiyo hiyo. Mwanga mzuri na maji mengi vinakutana mara mbili kwa siku.

Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Maji hukupwa karibu saa 10 na kujaa karibu saa 4. Tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kwa hiyo picha haziharibiki kabisa, lakini ule uso wa maji uliotulia hadi kwenye ukuta wa gati hutaupata alfajiri.

Kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Ukikaa siku nne, anza siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Utakuwa na asubuhi kadhaa nzuri mfululizo, na jioni moja ya mbalamwezi ambayo nitaieleza baadaye.

Kuhusu misimu: kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, mbingu huwa safi na joto ni kali. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Kusi ikitulia mnamo Agosti na Septemba unapata mawingu madogo ya kutembea, na mimi nayapenda zaidi kuliko mbingu tupu, kwa sababu mbingu tupu haina cha kusema kwenye picha.

Dalili kwamba umefaulu: una karatasi yenye mistari minne kwa kila siku: jua kuchomoza, jua kuzama, maji kujaa, maji kukupwa.

## Hatua ya 2: Tembea mchana bila kupiga picha

Siku ya kwanza, acha kamera chumbani. Chukua dira tu.

Njia kuu ya mji, ile iendayo sambamba na pwani nyuma ya safu ya kwanza ya majengo, inaelekea kaskazini na kusini. Vichochoro vingi vinavyoteremka kutoka juu ya mji kwenda baharini vinaelekea mashariki. Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu. Njia kuu hupata jua la moja kwa moja katikati ya mchana tu, kwa muda mfupi. Vichochoro vya kuteremka hupokea mwale wa asubuhi, pale ambapo hakuna nyumba iliyouziba.

Kumbuka pia kwamba jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Machi na Septemba huchomoza mashariki kamili. Juni husogea kiasi cha nyuzi 23 kuelekea kaskazini, na Desemba nyuzi kama hizo kuelekea kusini. Kichochoro kilichomwagiwa dhahabu kwenye picha ya rafiki yako ya Machi kinaweza kuwa kivuli kitupu ukija Juni. Pima mwenyewe kwa dira.

Andika mahali pasipopungua patano unapotaka kurudi, na saa ya kurudi. Tazama na nyaya za umeme: simama pale utakaposimama kesho, inua macho, na ujue kabisa ni hatua ngapi pembeni zitakazoondoa waya juu ya mnara.

## Hatua ya 3: Alfajiri, mbele ya mji, kutoka mashuani

Hii ndiyo picha ambayo wengi wanaikosa, kwa hiyo nitaifafanua zaidi.

Jioni ya kabla, patana na nahodha. Kubaliana bei, saa ya kuondoka na muda mtakaokaa majini, vyote kabla ya kulala. Mwambie wazi kuwa unataka kuupiga mji na hamwendi kuvua wala kuogelea. Nahodha akielewa hivyo atakuweka mahali sahihi kuliko utakavyojua wewe.

Muwe majini kabla ya jua. Lamu jua huchomoza kati ya saa 11 na dakika 50 na saa 12 na nusu asubuhi, kulingana na mwezi wa mwaka. Ondoka gatini dakika 30 kabla. Kuna sababu: mwanga wa buluu unaotangulia jua hudumu kiasi cha dakika 20, na ndio wakati ambao taa za mbele ya mji bado zinawaka na mbingu tayari ina rangi. Baada ya hapo taa huonekana kama madoa.

Simama upande wa Manda, mgongo ukilielekea jua. Rudini nyuma mpaka mji wote, kutoka mwisho wa mtaa wa Mkomani kaskazini hadi Langoni kusini, uenee kwenye fremu bila lenzi kuupinda. Halafu sogeeni polepole. Omba injini izimwe. Mtetemo wake huonekana kwenye picha hata kama mkono wako ni imara.

Weka kamera hivi. Jua likishachomoza, anza na ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi f/5.6 na kasi ya shata ya 1/500. Kasi hiyo ni kwa ajili ya chombo kinachopanda na kushuka. Kwa simu, gusa ukuta mweupe uliopigwa na jua, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwangaza kidogo mpaka uone mistari ya chokaa ukutani. Usiguse maji. Ukigusa maji, simu itaamini kuna giza na itauchoma mji mzima.

Fanya haraka. Hapa ndipo wageni kutoka Ulaya hujikwaa, na hata wenyeji waliojifunzia kwenye video za huko. Lamu iko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na jua hupanda karibu wima. Kila saa linapanda nyuzi 15. Ile rangi ya dhahabu ambayo kwingine hukaa saa nzima, hapa ni dakika 30 hadi 40 na imekwisha. Saa 1 na robo ukuta huwa mweupe tena.

Onyo: usielekeze lenzi kwenye vituo vya polisi, vyombo vya jeshi la majini wala walinzi. Kisiwa hiki kina ulinzi, na picha moja ya bahati mbaya inaweza kukupotezea siku nzima. Droni ni habari nyingine kabisa: bila usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, iache nyumbani.

Dalili kwamba umefaulu: kuta ni rangi ya asali, madirisha yana kivuli chenye umbo, na kwenye maji kuna mji wa pili uliopinduka.

## Hatua ya 4: Ngome na uwanja wa Mkunguni

Teremka gatini na uende moja kwa moja Ngomeni. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, nayo inatazama baharini, kwa hiyo uso wake hupata jua la asubuhi. Lakini majengo yaliyo mbele yake huchelewesha mwanga. Ndiyo maana unaanza majini na kumalizia hapa.

Simama chini ya mikungu ya uwanja wa Mkunguni, ulio mbele ya ngome, ukiruhusu matawi yakate sehemu ya juu ya picha. Kivuli cha majani kikitua ukutani, ule ukuta mkubwa mtupu unapata uhai. Subiri mtu apite. Bila mtu, hakuna atakayejua ngome ni kubwa kiasi gani.

Zaidi ya saa 2 na nusu usihangaike nayo.

## Hatua ya 5: Vichochoro

Watu husema vichochoro vya Lamu ni vya giza, na huwasha flashi. Zima flashi. Giza hilo ndilo zuri.

Kati ya saa 2 na nusu na saa 4 asubuhi jua hupiga sehemu ya juu ya ukuta mmoja, na mwanga hurudi ukashuka ukutani mwa pili. Mawe ya matumbawe na chokaa huulainisha. Mtu aliyesimama mlangoni wakati huo ana uso wenye mwanga bila mkunjo wa jua, na macho yake hayafinyiki. Hakuna studio itakayokupa mwanga wa namna hiyo kwa bei yoyote.

Mbinu yake ni hii: tafuta ukuta unaong'aa juu, kisha geuka uuangalie ulio mkabala nao. Piga ule wa pili. Mlango wa kuchongwa uliopokea mwanga wa kurudi kutoka pembeni huonyesha kila ua na kila mnyororo uliochongwa, kwa sababu kila mkato una upande wa mwanga na upande wa kivuli. Mlango huo huo chini ya jua la saa 6 ni ubao tu.

Mahali pa wikio, pale nyumba inapovuka juu ya njia, pana kazi yake. Simama ndani ya kivuli na utazame nje. Pima mwanga wa kule nje, yaani kamera ipange mwangaza kwa kufuata pale, na acha kuta za karibu ziwe nyeusi. Umepata fremu iliyojengwa na waashi. Punda akiingia kwenye mwanga, piga anapoinua mguu wa mbele.

Punda wana haki ya njia. Ukisikia kelele ya kuomba kupita, jibane ukutani na ukumbatie kamera. Mizigo ya mchanga na mawe ni mipana kuliko mnyama mwenyewe.

Tatizo moja hurudi kila mara: mzee wa kanzu nyeupe na mama wa buibui wako kwenye picha moja. Kamera haiwezi kuwatendea haki wote wawili. Ipime kanzu. Nguo nyeusi iliyozidi kuwa nyeusi bado ni nguo, lakini kanzu iliyoungua ni shimo, na hakuna programu itakayolijaza.

## Hatua ya 6: Watu, kwa adabu

Nimeiweka kama hatua kamili kwa sababu mwanga mzuri hausaidii kitu kama umemkasirisha mwenye mlango.

Salimu kwanza, na usubiri kuitikiwa. Shikamoo kwa wakubwa wako, au salamu ya Kiislamu kwa wote. Kaa barazani ukikaribishwa. Kisha uliza: "Naomba nikupige picha, utaniruhusu?" Akikataa, shukuru, shusha kamera hadi kiunoni, na uendelee na mazungumzo. Ukiondoka ghafla baada ya kukataliwa, umemwambia kwamba hukuja kwa ajili yake.

Wanawake wengi watakataa. Usiwaibie kwa lenzi ndefu. Watoto, muombe mzazi. Msikitini usipige ndani wakati wa swala, na Ijumaa kuanzia saa 6 mchana uache mji upumue. Ukija wakati wa Maulidi, katika Mfungo Sita, pale kwenye msikiti wa Riyadha kuna mengi ya kupiga, lakini muulize msimamizi mahali pa kusimama kabla ya dufu kuanza.

## Hatua ya 7: Mchana, ingia ndani

Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi. Miezi mingine haliko mbali. Nyuso hupata mashimo meusi machoni, na kuta hupoteza umbo.

Tumia muda huo kwenye nyumba zenye ua wa ndani. Mwanga hushuka uani na kuingia vyumbani ukiwa umepoa. Zidaka, zile safu za visanduku vya plasta ukutani, zipige kutoka pembeni, upande mmoja ukielekea uani. Ukizipiga kwa mbele hubaki mistari mitupu. Kwenye makumbusho, uliza kwanza kama kupiga picha kunaruhusiwa, na kama tripodi inaruhusiwa.

Vinginevyo lala. Jioni ni ndefu.

## Hatua ya 8: Jioni, matanga na vilima vya Shela

Una chaguo mbili, na kwa jioni moja huwezi kufanya zote. Usijaribu.

Matanga. Kaa ukutani mbele ya mji kuanzia saa 11 na nusu, ukiangalia Manda. Nyuma yako jua linashuka, na mji unatupa kivuli chake majini. Wewe uko kivulini, lakini mashua iliyo katikati ya mkono wa bahari bado iko juani. Tanga linawaka na maji yaliyo mbele yake yamekwisha kuwa meusi. Hiyo ndiyo picha ya jioni ya Lamu. Tumia lenzi ya kuvuta, shata ya 1/500, na upime tanga lenyewe. Piga mashua inapokuwa imekuonyesha ubavu. Ikija moja kwa moja kwako, tanga huwa kama kisu na umbo lake linapotea.

Shela. Kijiji kiko kama kilomita tatu kusini, na ng'ambo yake ndiko kuna ufuo mrefu na vilima vya mchanga. Fika saa 11. Panda juu ya vilima, usibaki ufukweni, hasa Juni na Julai jua linapozama upande wa kaskazini-magharibi na vilima kutupa kivuli chini mapema. Jiweke jua likiwa ubavuni mwako, ili kila mkunjo wa mchanga uwe na kivuli. Kabla ya kupiga, tazama ulikopita. Nyayo zako ndizo zitakazoharibu picha, kwa hiyo zunguka kwa nyuma.

Upepo wa kusi hurusha mchanga. Usibadilishe lenzi pale juu hata kwa sekunde. Na usikanyage mimea iliyoshika mchanga: vilima hivi ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayotumiwa mjini.

Onyo la kurudi: maji yakijaa, sehemu za njia ya ufukweni kati ya Shela na mji hufunikwa. Siku za bamvua saa 12 na nusu maji bado ni mengi. Agiza mashua ikusubiri, na uwe na tochi.

## Hatua ya 9: Mwezi juu ya Manda

Wengi hungoja siku ya mwezi mpevu wenyewe. Chukua siku moja kabla, mwezi 13 au 14 wa kuandama. Sababu ni kwamba siku hiyo mwezi hutokea juu ya Manda kabla jua halijazama, wakati matanga na mikoko bado vina mwanga. Siku inayofuata mwezi hutoka karibu na jua kuzama au baada yake, giza likiingia, na kamera italazimika kuchagua kati ya mwezi mweupe usio na sura na mji mweusi.

Weka tripodi mbele ya mji. Upime mwezi, siyo mbingu. Kwa simu, gusa mwezi na ushushe mwangaza mpaka uone madoa yake. Una kama dakika 20 ambazo mwezi na bahari vinalingana. Usizitumie kubadilisha mipangilio.

## Ukirudi chumbani

Futa lenzi na mwili wa kamera kwa kitambaa chenye maji matamu kidogo, kisha kikavu. Nakili picha mahali pawili usiku huo huo.

Katika kuhariri, nyoosha upeo wa bahari kwanza. Kisha angalia kuta. Chokaa ya Lamu ina umanjano kidogo na madoa ya unyevu. Ukiifanya nyeupe kama karatasi umefuta mji. Ongeza vivuli kidogo, usiguse rangi ya maji.

Picha za watu ulioomba ruhusa zitume kwenye simu zao kabla ya kulala. Ukipita kesho kwenye kichochoro hicho, utaitwa kwa jina na kuonyeshwa mlango ambao hukuuona.